Mechi Mia za Kilbarrow

Jumatatu, 25 Aprili 1994
Uwanja wetu wa Kilbarrow umeuzwa. Litajengwa duka! Jumamosi mechi ya mwisho. Wachezaji wa zamani wataitwa wakati wa mapumziko wakanyage nyasi. Sharti: uwe umeichezea Kilbarrow mechi mia. Mimi Archie Geddes, beki wa chuma, nimechezea timu kumi na moja Uskoti hii. Nimejiandikia mechi mia mbili. Nani atahesabu?

Jumanne, 26
Wattie Purves kahesabu. Mtunza kumbukumbu wa klabu, hajapiga mpira hata kwa bahati mbaya. Eti mechi thelathini na moja, bao moja. La kujifunga! Nikamwambia daftari lake limeliwa na panya. Akasema panya hao wana huruma, wamekula ukurasa wa siku niliyofungisha matano.

Jumatano, 27
Sijala. Nimekumbuka tope la Januari, magoti yanauma, chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua. Marehemu mke wangu Jessie alikuwa akisimama nyuma ya goli mvuani, akifoka: we Archie, mpira uko huku! Pale pake patakuwa pa kuegesha magari. Lazima niingie.

Alhamisi, 28
Dawa nimepata. Picha! Mimi hewani, kichwa kwenye mpira, goli la Kilbarrow lile pale. Nikampa Wattie mbele ya baa nzima. Akavaa miwani. Akauliza kwa upole, mzee mwenzangu, mbona jezi ya mistari? Hapo ulikuja na wageni, unatufunga sisi. Watu wakacheka mpaka bia zikamwagika. Timu kumi na moja, nani akumbuke kila jezi!

Jumamosi, 30
Wakaitwa wanne. Nikatoka nyuma ya kibanda cha pai, nikaingia wa tano, kifua mbele. Wattie ndiye mwenye kipaza sauti. Akaninyooshea kidole. Akatangaza: na Archie Geddes, mechi thelathini na moja, bao moja, mnalijua. Jukwaa likalipuka! Hakuna aliyepigiwa makofi kama mimi. Nikaenda nyuma ya goli, pale pa Jessie. Mwamuzi akaniomba, baba, tupishe, kipindi cha pili. Nikamwambia angoje. Akangoja.

Jumapili, 1 Mei
Nasikia Dunavie nao wanavunja jukwaa lao mwezi ujao, wanatafuta wakongwe. Kwao nilicheza mechi tisa. Nimewaandikia mia tatu na nne. Hizo nne ni ili waamini.