Walengwa Kumi na Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Fomu imefika. Kurasa kumi na mbili. Shirika la wafadhili linatoa ruzuku ya kufundisha kikosi kazi cha kuwasaka mawakala wanaowalaghai watu kwa kazi za ng'ambo. Mkuu wa kituo amesema atakayeipata ruzuku ndiye atakayeongoza kikosi. Ndimi huyo. Kiongozi anapewa ofisi yenye mlango. Mimi, sajini mwenye miaka kumi na tisa kazini, meza yangu iko kwenye korido, kila anayekwenda msalani lazima anisalimu.

Koplo tunayemwita Miwani naye anaitaka fomu. Anadai hatujui hata kuhifadhi ujumbe wa simu ukakubalika mahakamani. Kila Jumatatu anakaa benchini na fundi cherehani mmoja ambaye mdogo wake alipelekwa nje kufanya kazi ya hoteli. Miezi mitatu sasa simu ya binti huyo haipatikani. Leo fundi ameniuliza, baba, hayo mafunzo yataanza lini? Nimemwambia, mama, mimi nikishika jambo limeshikika. Roho imeniuma. Nilikuwa nasema kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaza fomu peke yangu, mgongo nimeupa ukuta. Matokeo yanayotarajiwa: nimeandika "Makubwa." Swali la kumi na nne: taja walengwa wote, majina kamili, simu, anwani. Nimewavulia kofia wafadhili. Hawataki porojo, wanataka watu tunaowalenga. Miwani alipokwenda mahakamani nikafungua jalada lake. Mawakala kumi na mmoja, kazi yake ya miezi saba. Nimewanakili wote, hadi rangi za mageti.

Aliporudi akaniomba, afande, niipitie kabla haijaondoka. Nikamwambia imeshaondoka. Nilikuwa nimeikalia.

Jumatano, 19 Machi

Tumepata! Barua inasema ni nadra kupokea orodha ya walengwa iliyokamilika kiasi hiki, na kwamba shirika litawasiliana nao moja kwa moja. Watu hawa hawana mchezo. Mkuu amenipa mkono mbele ya kituo kizima.

Miwani ameuliza mbona yeye hajapigiwa simu, ilhali naye ni mlengwa. Nimeshtuka. Koplo mzima anajiita mlengwa hadharani! Nimemtazama kwa jicho la pembeni siku nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya mafunzo. Ukumbi safi, viti kumi na kimoja, kila kiti na jina lake. Sisi askari tulisimama ukutani, hatukuwekewa viti. Mkufunzi akaita jina la kwanza. Hayupo. La pili. Hayupo. Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza kusoma karatasi za majina kwenye viti, moja baada ya nyingine. Alipofika kiti cha mwisho alikuwa analia.

Mmoja alikuja. Dereva wa mawakala hao. Alikuwa na daftari jipya, barua ya mwaliko na ratiba: siku ya pili, mbinu za kuwafuatilia mawakala. Alidhani ni semina ya udereva. Miwani akamhoji chumba cha pembeni. Akakiri kwamba alimfikisha mdogo wake fundi mpakani, akamkabidhi kwa mtu anayeshika pasipoti za wasichana. Huyo ni wa tatu kwenye orodha yangu. Miwani na askari wawili wakaenda mbio. Geti lina kufuli. Jirani akasema jamaa alihama wiki iliyopita, siku moja baada ya kupokea barua yenye mhuri.

Mkuu hakunigombeza. Alifunga mlango wake taratibu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 4 Aprili

Mkuu ameagiza nimweleze fundi kwa kinywa changu. Nimekaa naye benchini. Akauliza mtu wa pasipoti alijuaje kwamba anatafutwa. Nilitaka kusema. Nikasema uchunguzi unaendelea. Akanishukuru, akaniombea baraka, mimi na wanangu. Nimeona aibu. Chakula cha mchana sikukigusa.

Miwani hasemi nami. Salamu za kazi tu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimepata njia ya kurekebisha. Shirika jingine, ruzuku kubwa zaidi, mafunzo ya miezi sita. Sijamwambia mtu, nataka Miwani aje kuomba radhi mwenyewe. Nimeisoma fomu mara mbili kabla ya kushika kalamu, maana sasa mimi ni mtu mwangalifu. Neno walengwa halimo kabisa. Nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa. Wanauliza tu: orodhesha wanufaika wa mradi, na mahali walipo.

Nimewaza kwa uchungu. Nani amenufaika na mradi huu kuliko wale mawakala kumi waliobaki? Binti wa watu hajulikani alipo, wao wanakula raha.

Bahati nzuri Miwani hajapumzika. Ameshapata anwani mpya za watatu, pamoja na yule wa pasipoti, na kesho alfajiri yeye na askari wanakwenda kumvamia huyo. Mchana huu ametoka kwenda kumpa fundi matumaini. Jalada ameliacha mezani. Nimewaandika wote kwa herufi kubwa, zisomeke vizuri, nikaituma fomu, kisha nikawapigia shirika simu kuwauliza kama wanaweza kuwajulisha wanufaika leo hii. Dada wa mapokezi amesema hakuna shida, baba.