Abaya ya Miaka Tisa

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Habari kubwa! Musikiti umepata chumba. Chumba kizima, madirisha mawili, mulango wa kufunga na ufunguo, cha kufundishia basichana kushona na kutunza nguo. Mwalimu bado hajatangazwa. Ni mimi. Kutangaza tu ndiyo kumebakia.

Nani mwingine? Hapa Mususa nzima, mtaa wetu wa Butembo, nani amevaa abaya moja kwa miaka tisa? Bamama bengine kila Idi na abaya mupya. Mimi ninakuja na ileile, nyeusi ti, pindo limesimama. Mwanzo balinicheka. Nikageuza kile kicheko kikawa somo. Leo ninatuma mafundisho kwa sauti kwenye groupe ya WhatsApp ya bamama: osha na maji baridi, geuza ndani iwe nje, anika kivulini, hapana jua, hapana kusugua, na pindo lishonee utepe, utepe ndio ukule vumbi, si abaya. Banasikiliza. Hata bale balinicheka.

Na ninakihitaji kile chumba, nasema wazi. Mashini yangu inakaa chumba kimoja na biashara ya bwana yangu Idi Mathe, mwenye kuuza vipande vya moto, yaani pikipiki. Mwezi uliopita gauni ya bibi-arusi ilitoka pale na mafuta ya mnyororo mugongoni. Arusi ilifanyika, mais mama ya bibi-arusi hanisalimu tena. Wateja banapungua. Nikikaa humu mwaka mwingine, sitakuwa mushonaji, nitakuwa mekanisien.

Adui yangu: Maliro. Anauza abaya za Dubai, na yeye pia anataka chumba. Atafundisha nini? Kutoa nguo kwenye sachet ya plastiki?

Mwenye kuamua ni Hadja Mariette wa Beni, prezidanti wa bamama ba Beni na Butembo. (Alisilimu zamani, jina la shule likabakia.) Amesema kila mwenye kutaka chumba afike kwake Jumapili, mtaa wa Ruwenzori kule Beni, amevaa nguo yenye kuonyesha kazi yake.

Donc, ni kusema, nimeshinda.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Yarabi!

Nilikuwa ninapiga abaya pasi, na wakati uleule ninarekodi somo la pasi. Nikasema: bamama, pasi ya makala, ya mukaa, ni adui, usiiache juu ya nguo nyeusi hata ukiitwa na nani, tia kitambaa chenye maji katikati. Nilisema muzuri sana. Nikaongeza mifano. Mwishoni nikatia kicheko kidogo cha upole. Ndipo nikasikia harufu.

Mugongo wote! Tundu lenye sura ya pasi, na ncha yake, kama limechorwa na kalamu.

Na ile sauti ilikuwa imeshaenda. Mwishoni ninasikika nikipiga yowe. Bamama bakauliza kuna nini. Nikajibu: panya.

Nililia. Sidanganyi, nililia. Ile abaya Idi aliniletea kutoka Kampala mwaka tulipooana, akiwa ameikunja ndani ya koti lake ili vumbi la njia lisiifikie. Niliivaa kila sikukuu ya Idi, kila matanga, kila swala. Niliiokoa na matope, na moshi, na ile mafuta ya mnyororo. Na ni mimi mwenyewe niliyeiua, nikijisifu.

Idi akasema nitie kiraka, niende kwa Hadja, niseme kweli. Kiraka! Mugongoni! Mbele ya Maliro! Nikamuambia ashughulikie pneu zake, ile mipira ya pikipiki.

Nimefikiri jioni nzima. Abaya ya zamani haiko tena? Sawa. Itatengenezwa ingine.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Mupango uko tayari. Inatakiwa abaya mupya ya kukata vilevile, kisha izeeshwe. Shida ni moja: nyeusi ile iko kwa Maliro peke yake. Mimi kuingia pale? Jamais!

Nikamutuma Adèle, jirani yangu. Mukatoliki, muimbaji wa korali, roho muzuri, kudanganya hajui. Kwa hiyo nikamupatia uongo uliokwisha kupikwa: aseme parokia inatayarisha mchezo wa Noeli na banatafuta vazi la Bikira Maria. Adèle akauliza kama kuna Noeli mwezi wa saba. Nikamujibu mazoezi huanza mapema. Akaenda huku anajifanyia ishara ya musalaba.

Akarudi nayo! Mais alichelewa. Inaonekana Maliro alimuuliza maswali mingi, kisha akamufundisha mpaka kufunga shungi. Adèle alifurahi, anasema Maliro ni mutu wa upole sana. Nikamunyang'anya sachet.

Mukononi mwa abaya kuna ua dogo la uzi mweusi. Nitalifumua.

Kwa kazi yake Adèle hakutaka kitu, isipokuwa ile iliyoungua. Alisema kitambaa bado kiko na nguvu, atakipatia kazi. Nikamupa yote. Hapana kuangalia nyuma.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Leo nimefanya kila kitu ninachokataza.

Nimeiosha na maji ya moto. Nimeisugua. Nimeianika juu ya bati, jua la saa sita, mbele ya macho ya Mungu na ya majirani. Viwiko nimevipiga tofali. Mabega nimeyasugua na kamba ya mufuko, pale mufuko hukaa. Kila nikisugua ninajisikia ninasema kwenye groupe: bamama, hapana kusugua.

Ikabakia pindo. Pindo la miaka tisa, hata likitunzwa, lazima likule njia kidogo. Nikaifunga abaya nyuma ya moto ya Idi, nikamuomba aende sokoni na kurudi, polepole. Akatikisa kichwa. Kisha akawasha pikipiki, akaenda. Ndiyo maana niliolewa na yule mwanaume.

Alirudi amekasirika. Kuna mama njiani aliona nguo nyeusi inaburutwa, akafikiri ni mutu, akapiga kelele, batu bakatoka na fimbo. Ilibidi asimame aonyeshe kama ndani hamuna mwenyewe. Mais pindo! Pindo limetoka vizuri ajabu.

Nikiikung'uta nilisikia huruma kidogo. Ilikuwa nguo muzuri. Haikunikosea kitu.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Ua limefumuliwa. Utepe wa pindo umeshonwa, nikauchakaza na wenyewe. Kola imepauka, viwiko vimepauka, mabega yamepauka. Nimevaa, nimezunguka mbele ya kioo. Idi amekubali, bila kufurahi, kama hata yeye angedanganyika. Sijasahau kitu.

Saa kumi ujumbe kutoka kwa Maliro: dada Salima, habari ya leo, ule mchezo wa Noeli wa jirani yako Adèle ni siku gani, angependa kuja kuangalia.

Sijajibu. Wivu tu.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Beni. Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Katika taxi abaya ilikuwa ndani ya sachet mbili, isipate vumbi. Idi alicheka mpaka tukafika. Sikuona cha kuchekesha.

Kwa Hadja Mariette bamama balikuwa bamejaa salon ya wageni mpaka barazani. Maliro alianza. Alivaa abaya mupya inayong'aa hata mutu unataka kufunga macho, akaeleza aina za vitambaa, hiki kinapitisha hewa, hiki hakishiki jasho. Muzuri, mais mafundisho ya duka.

Kisha mimi. Nikasimama katikati. Nikasema: miaka tisa! Nikazunguka. Hadja akashika kola, akasema mashallah. Akashika kiwiko, mashallah. Akainua pindo, akalionyesha bamama, bote: mashallah! Niliona kile chumba. Niliona mashini yangu chini ya dirisha, hapana pneu hata moja.

Basi Hadja akainama akashika magoti ya abaya.

Akashika goti moja. Akashika la pili. Akarudia la kwanza. Akaniuliza polepole, ile sauti ya kuuliza mugonjwa, ilikuwaje miaka tisa na magoti bado ni mapya.

Magoti! Kila mwanamuke Mwislamu anajua abaya hufia wapi. Inafia magotini, juu ya muswala, kusujudu na kuinuka, kusujudu na kuinuka. Mimi mwenyewe nilitoa somo zima juu ya kutia bitana magotini! Na nilipiga tofali kila fasi, isipokuwa pale.

Mama mumoja nyuma akasema astaghfirullah. Nikaona bote banahesabu kichwani: miaka tisa, na huyu hajaswali.

Njia zilikuwa mbili. Nguo ya zamani, donc mimi si mutu wa swala. Nguo mupya, donc mimi ni muongo. Nikatafuta ya tatu. Nikasema mimi huswali na kikwembe, kitenge cha kujifunga. Hadja akasema kila sikukuu ya Idi anakuja kuswali Butembo, na ananiona mustari wa mbele, na abaya ileile.

Ndipo Maliro akajipitisha mbele, mtamu kama asali, akauliza kama hii siyo ile ya Bikira Maria. Akainua mukono wangu, akaonyesha matundu ya sindano pale ua lilikuwa. Salon nzima ikalipuka.

Sikuinamisha kichwa. Nikasema ndiyo, ni mupya! Ya zamani iliungua na pasi, na yule panya alikuwa mimi. Niiteni muongo wa nguo, sawa. Mais muongo wa swala, hapana! Ile abaya niliivaa miaka tisa kweli, na magoti yake niliyamaliza kweli, na mwenye kubisha asimame anionyeshe ya kwake.

Hakusimama mutu. Maliro alirudi kuketi, akaweka mufuko wake juu ya magoti. Bamama bengine pia, mumoja kisha mumoja, salon nzima mifuko juu ya magoti.

Hadja alicheka mpaka akajipangusa machozi na shungi. Kisha akakata maneno. Anatafuta mutu aliyevaa nguo miaka tisa kweli, hata kama iliungua, kwa sababu kuungua na kwenyewe ni somo. Jumatano atakuja Butembo na ufunguo. Nikimuonyesha magoti ya ile ya zamani, chumba ni changu. Nisipoyaonyesha, ni cha Maliro.

Bado niko ndani! Wanionaje?

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Asubuhi na mapema kwa Adèle. Ile abaya imekwisha kupata kazi kweli! Mikono imekuwa mifuniko ya mito ya viti. Sehemu ya mbele anapangusia sima ya chini, sakafu ya nyumba. Nikaiinua, imelowa, imechanika, hakuna tena cha kutambua. Nikauliza magoti yako wapi. Adèle akaniangalia kama nimeugua.

Tulitafuta nyumba nzima. Goti moja lilikwenda na sima. La pili lilikuwa jikoni, limekunjwa mara mbili na kushonwa pembeni. Lilikuwa linashikia sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nilifumua palepale. Nikalifungua kwenye mwanga wa mulango. Ni lenyewe. Katikati nyeusi imekwisha, kitambaa ni chepesi, kinang'aa, kimeshika sura ya goti langu. Ukikiinua unaona jua. Zile ni alfajiri zangu zote, za baridi ya huku kwetu, wakati Idi anakoroma. Nikaketi juu ya kizingiti cha Adèle nikalia tena. Adèle akalia pia, bila kujua sababu, kisha akaniomba radhi kwa harufu ya sombe.

Jioni nikamuonyesha Idi. Alilishika kwa vidole viwili, akaliinua kwenye taa. Akasema inatosha. Mutu yeyote akiona hii atajua. Akaniomba kitu kimoja tu: nisiliguse tena. Nikamuahidi.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Hadja anakuja kesho. Sikuwa na mupango wa kuligusa. Nililitoa tu kwa kuliangalia.

Mais nikaliangalia muzuri. Lile goti ni la kweli, sibishi. Shida ni kwamba haionekani kweli ya kutosha. Pembeni bado kuna nyeusi. Macho ya Hadja si ya zamani tena, na Maliro atakuwa amesimama palepale na ile sauti yake ya asali. Watasema goti moja tu, tena linanuka sombe. Mutu wa swala lazima asaidie ushahidi wake.

Tofali liko. Kidogo tu, pembeni, ili ifanane na katikati.

Sasa katikati imekuwa nyeusi kuliko pembeni. Nasawazisha.

Idi amepiga hodi, nimemuambia ninashona. Adhana ya alasiri imetoka. Naisikia, wakati bado ni murefu, nitaswali nikimaliza upande huu.

Kametokea katundu. Kadogo. Wala si mubaya: Hadja ataona hata swala za usiku nilikuwa sikosi.