Foleni ya Kuiokoa Benki

Jumatatu, 3 Februari

Msiba! Tangazo limebandikwa kwenye kioo cha benki. Tawi letu la Kurusawa "linaangaliwa upya". Mimi si mtoto. Kitu kikishaangaliwa upya na watu wa makao makuu, hakionekani tena.

Hesabu ni hii. Mimi nachonga mihuri ya majina, ambayo kwetu mtu huigonga badala ya saini. Mtu hafungui akaunti bila muhuri, na muhuri wa maana haupati ila kwangu, mlango wa tatu kutoka benki. Katika kila mihuri kumi ninayouza, saba inakwenda moja kwa moja kwenye kaunta ile. Benki ikifa nabaki na mitatu, na miwili kati ya hiyo ni ya ndugu za mke wangu, watu wasiolipa.

Nilikuja mtaa huu na patasi moja na koti la kuazima. Sikuachiwa duka na mtu. Kuwabara wa chai ndiye aliyeachiwa na baba, aliyeachiwa na babu, na eti ndiye mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara! Mwenyekiti wa nini? Chini ya paa linalofunika mtaa wetu wote, maduka mengi yamebaki milango ya mabati tu. Paka ndio wanaopita kutwa.

Nikaingia benki kudai maelezo. Meneja Shimokawa, mtu mwembamba kama kijiti cha ubani, akainama mara tatu. Akasema si yeye, ni makao makuu. Wanahesabu watu wanaofika kaunta. Nikamuuliza, basi? Akasema ndiyo, Mzee Iwabuchi, watu tu.

Ukutani, pale liliponing'inia tangazo langu la mihuri tangu enzi na enzi, wameweka bango la polisi. Bibi analia kwenye simu. "Mjukuu kagonga gari la mtu, anataka hela haraka? Tapeli huyo!" Picha mbaya, herufi nene. Nilisoma mstari huo mmoja, nikakinai.

Wanataka watu? Tutawapa watu.

Jumanne, 4 Februari

Kikao cha umoja, dukani kwa Kuwabara. Ajenda: bahati nasibu ya kuvutia wateja. Zawadi ya kwanza: chai ya Kuwabara. Ya pili: chai ya Kuwabara, kidogo zaidi.

Nikaulizia benki. Akasema benki ikitaka kwenda iende, kwani imeolewa hapa? Mradi iache mashine ya kutolea pesa mahali penye kivuli. Na akatazama kivuli cha mlangoni kwake! Mtu huyu anaiota ile mashine, na wateja wake wakisubiri zamu huku wakinusa chai.

Mpango wangu sikuutoa. Angeuiba.

Nilimsimulia mke wangu, Fusae, jinsi Kuwabara anavyoombea msiba wa mtaa kwa faida yake. Akaniuliza na mimi naiombea benki uhai kwa faida ya nani. Swali la ajabu. Nikaenda kunoa patasi.

Jumatano, 5 Februari

Nimesajili jeshi. Mahali: bafu la mtaa, ndani ya maji ya moto, ambako mzee hawezi kukimbia haraka.

Mzee Haneda, dereva wa treni mstaafu, aliuliza analipwa nini. Nikamwambia heshima. Akasema heshima anayo. Nikamwahidi keki ya maharage. Akakubali.

Upande wa wanawake Fusae alikataa kata kata kunisaidia. Nikamvizia Bi Toyo mlangoni, nywele zikifuka mvuke. Ana miaka themanini na minane, aliuza ndala za mbao hapa mtaani mpaka miguu ya watu ilipobadilika. Alifurahi kuliko wote. Alisema kukaa kwenye kiti chenye joto, kupewa tiketi, kisha msichana mzuri amwite kwa jina lake: jambo hilo angelilipia!

Jumla: wazee kumi. Asubuhi watoe pesa, alasiri wazirudishe. Pesa ni zile zile, gharama hakuna, na kila mtu anahesabiwa mara mbili. Kumi wanakuwa ishirini. Chuo kikuu hawafundishi haya.

Ijumaa, 7 Februari

Jaribio la kwanza. Aibu! Kila mzee alitoa kiasi kidogo, na yule mhudumu wa kaunta, Bi Minegishi, kwa adabu ya kutia kichefuchefu, akawaongoza wote mmoja mmoja hadi kwenye mashine. Akawabonyezea na vitufe. Mashine! Wa mashine hawahesabiwi!

Dawa ni moja. Watoe kiasi ambacho mashine haikubali. Yeni laki tano kila mtu.

Jumatatu, 10 Februari

Nusu ya ushindi. Foleni mpaka mlangoni. Shimokawa alitoka ofisini kuitazama, kama mtu aliyeona theluji mwezi wa nane.

Ila Bi Minegishi anauliza kila mtu pesa ni za nini. Ya nini kuuliza? Mzee Haneda, jinga la majinga, alijibu hajui, kaambiwa tu. Kaambiwa na nani? Akasema ni siri.

Jioni nikawakusanya, nikawapa jibu moja: ukarabati wa paa. Na jina langu lisitajwe, Kuwabara ana masikio kila mahali. Tukalikariri pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Bi Toyo akauliza itakuwaje kwake, maana amepanga ghorofa ya pili na juu yake wanaishi watu. Nikamwambia paa ni paa.

Jumatano, 12 Februari

Tatizo dogo, limetatuliwa. Bi Toyo anaogopa kutembea na bahasha nene mpaka alasiri. Wengine wakaogopa kwa kumwona yeye. Nikaamua bahasha zote zikae kwangu, kwenye kabati la mihuri, zikingoja kurudishwa. Naaminika. Hata risiti hawakuomba.

Chavua za mierezi zimeanza, pua yangu bomba. Nikavaa kofia, barakoa na miwani meusi, nikajibanza nyuma ya mashine ya soda ng'ambo ya benki. Kutoka pale naongoza vikosi kwa simu. "Haya Bi Toyo, ingia sasa. Usikate simu. Wakikuuliza, paa." Wanaingia wakiwa na simu sikioni, mmoja baada ya mwingine. Nidhamu tupu!

Shimokawa alinitazama kupitia kioo, muda mrefu. Hatimaye mtu anatambua thamani yangu.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya pensheni. Niliipanga iwe kilele.

Polisi walikuwa mlangoni pa benki wakigawa pakiti za karatasi za pua zenye maonyo fulani. Nilichukua tatu. Pua haisomi.

Wazee wote kumi waliingia, wakatoa, wakaniletea. Nilikuwa nafunga kabati walipoingia dukani wanaume wawili, askari waliovaa kiraia. Wakaomba kuona ndani. Bahasha kumi.

Wakauliza za nini. Nikasema za paa.

Mapaa mangapi?

Kumi.

Nikapakiwa kwenye gari mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima. Na mtaa mzima ulikuwepo! Miaka yote hii hawaji kununua, leo wamejaa.

Kituoni inspekta mmoja alinipangia mambo moja moja. Niliwaambia wazee watoe pesa nyingi. Niliwaambia wafiche. Niliwafundisha uongo wa kumdanganya mhudumu. Niliwaendesha kwa simu wakiwa kaunta. Nilikusanya bahasha. Nilificha uso. Aliuliza kama nina la kusema. Lazima nikiri, ukiyapanga hivyo, ni kazi iliyoratibiwa vizuri sana.

Bi Toyo alikuja na fimbo yake, akawagombeza. Akawaambia kama Iwabuchi ni mwizi, yeye ni mwari. Hawakumsikiliza. Aliyesikilizwa ni nani? Kuwabara! Kaja na aproni yake inayonukia chai ya kukaanga. Akainama, akasema, nami nikisikia, "Bwana inspekta, tapeli ni mtu mwenye akili. Huyu namjua miaka arobaini."

Wakaniachia papo hapo. Tusi hilo nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Jumatatu, 17 Februari

Mkuu wa polisi amempa Bi Minegishi hati ya shukrani kwa kulinda mali za wazee. Picha iko gazetini. Muhuri kwenye hati umegongwa upande! Wangekuja kwangu, ungesimama kama mlingoti.

Pigo lenyewe ni jingine. Watoto wa wazee walipigiwa simu na polisi, wakashuka kutoka Tokyo na Sendai tangu Jumamosi. Wamechukua vitabu vya benki, wamehamishia akaunti zote kwenye simu. Kidole tu, na sura. Muhuri hautakiwi.

Mzee Haneda alipita jioni. Akaweka muhuri wake juu ya kaunta yangu. Wa mti mgumu, nilimchongea mwaka aliozaliwa binti yake. Akasema binti huyo huyo kamwambia hauna kazi tena, na kuutupa hawezi, kwa hiyo nimtunzie. Hata keki hakuuliza. Nikauweka kabatini, pale zilipokuwa bahasha.

Leo sikuuza kitu. Fusae alinichemshia supu ya maharage, akaenda kulala. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 20 Februari

Shimokawa alikuja mwenyewe, na sanduku la biskuti za kuombea radhi. Tawi linafungwa mwisho wa Machi.

Halafu akaniambia jambo ambalo angeacha tu. Hesabu za Februari zilikuwa nzuri kuliko miaka yote aliyokaa hapa. Makao makuu walishaanza kuandika barua ya kulibakiza. Kisha lile tukio likawafikia, wakasema tawi lenye wazee wengi wasio na ulinzi ni hatari kwa jina la benki.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sahihi! Andika hilo, Iwabuchi. Sahihi kabisa.

Mashine inahamia kivulini kwa Kuwabara. Ameniletea pakiti ya chai. Nimeinywa. Nzuri, alaaniwe.

Jumapili, 23 Februari

Nimeamka mtu mpya. Posta ya mtaa, nasikia, nayo imeanza "kuangaliwa upya". Na posta bado wanakubali muhuri! Vitabu vya akiba vya posta wale watoto hawakuvikumbuka. Nimemwendea Bi Toyo. Yuko tayari, anasema viti vya pale vina mito.

Nimekaa nikapitia kosa letu kwa makini, kama mtu mzima. Kosa lilikuwa paa. Wazee kumi, mapaa kumi, wiki moja, na dhoruba hakuna! Mtoto mdogo angeshtuka. Tulihitaji kisa kinachogusa moyo, kisichohojiwa.

Safari hii watasema mjukuu kagonga gari la mtu na anataka hela haraka. Nani atathubutu kumtilia shaka bibi anayemlilia mjukuu wake?

Sijui wazo hili nimelitoa wapi. Limenijia tu, lote zima.