Mgeni Wetu wa Jumatano

Jumatano, 4 Juni

Leo sijala. Wala hakuna aliyekula. Mgeni wetu wa wiki, mtaalamu wa maji taka, ametuonyesha picha arobaini na mbili za mabomba yaliyoziba. Saa saba mchana! Sahani zikiwa mapajani! Picha ya tisa, mwenzetu mmoja, mama mshonaji, aliweka kijiko chini. Picha ya kumi na tano, Mwenyekiti akaamka. Na Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, huwa haamki mpaka asikie makofi.

Mimi ndiye katibu wa wageni. Kazi yangu ni kuwatafutia wanachama ishirini na wawili wa klabu yetu ya huduma mtu wa kuzungumza nao kila Jumatano, katika chumba chetu kilicho juu ya duka la magodoro. Kazi ndogo, lakini kuna mtu inamnyima usingizi. Mfamasia.

Tulipofika kwenye mengineyo amesimama, kafungua kijidaftari, kasoma orodha ya wageni wangu wa mwaka huu. Mmoja hakutokea. Mmoja alikuja kutuuzia sufuria. Mmoja alizungumza vizuri mno, ila alikuwa amekosea mkutano. Kisha akapendekeza kazi hii apewe mtu mwingine. Hakujitaja. Alikohoa tu.

Mwenyekiti kanipa wiki moja. Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikasema Jumatano ijayo ninamleta Mtangazaji. Ndiye! Yule wa mpira wa redioni, ambaye akitangaza bao hata wasiopenda mpira wanasimama. Nikaongeza kwamba tumeshibana tangu ujana.

Makofi! Mfamasia akafunga daftari.

Mtangazaji sijawahi kumtia machoni.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamkia dukani. Nina mashine ya kuchapa kadi na matangazo, na mtu mwenye mashine haombi ruhusa. Nimechapa matangazo mia mbili, rangi tatu. Mke wangu akauliza kama mgeni amekubali. Nikamweleza kwamba kwanza unachapa, halafu mgeni anaona jina lake lilivyopendeza, anakubali mwenyewe. Akanitazama jinsi anavyotazama maziwa yanayotaka kumwagika.

Mama mkwe yuko kwetu mwezi wa tatu sasa, anauguza goti. Akachukua tangazo moja, akavaa miwani, akasema nimeandika "mtangazi". Yote mia mbili! Nimesahihisha kwa kalamu. Mkono umekufa ganzi.

Mchana nimekwenda kituo cha redio. Mlinzi getini kaniambia Mtangazaji haonani na watu. Nikasema mimi si watu. Akaniangalia juu hadi chini, akasema niache barua. Nimeacha barua, tangazo na tabasamu.

Jumapili, 8 Juni

Nipo nyumbani, redio imewashwa, na nani huyo? Mtangazaji! Anatangaza moja kwa moja kutoka ng'ambo, bara jingine kabisa. Anatueleza kwamba ataendelea kuwa nasi kutoka huko hadi mwisho wa mwezi.

Mama mkwe, ambaye hakosi mechi, akageuza kichwa polepole. "Mkwe wangu, huyu si ndiye mgeni wako?"

Nikasema siku hizi kuna ndege za kasi.

Haikupita dakika tano Mfamasia akapiga simu. Sauti tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto. Anauliza tu, kwa upendo, kama rafiki yangu atawahi. Nimemwambia kila kitu kimepangwa. Nimekata simu. Nimekaa kitandani nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata! Akili hii, ingekuwa na mshahara!

Pembeni ya duka langu kuna fundi viatu mwenye sauti ya Mtangazaji. Si kama yake. Ni yake. Akiiga bao, watu wanakimbilia kibandani kuuliza nani kafunga. Sasa mpango ni huu: nitawaambia wanachama kwamba rafiki yangu amebanwa na kazi ng'ambo, lakini kwa heshima yangu atazungumza nasi kwa simu. Fundi atakuwa chini, kwenye duka la magodoro, kajibanza nyuma ya magodoro ya sita kwa sita. Mimi juu naweka simu kwenye kipaza sauti. Nani atajua?

Fundi aliuliza kama huu si udanganyifu. Nikamjibu ni huduma kwa jamii. Ameridhika. Tumefanya mazoezi mara nne. Mara ya nne nilitokwa na machozi.

Jumatano, 11 Juni

Ngoja niandike yote kabla sijalala.

Chumba kilijaa pomoni. Watu zaidi ya hamsini, wengine mlangoni. Mke wangu kaja na mama mkwe, aliyepanda ngazi zote ishirini na nne na goti lake kwa sababu alitaka kumsikia Mtangazaji. Nilipoeleza habari ya simu, kukawa na mguno. Lakini sauti ilipoingia, jamani! Fundi alianza na salamu, akaingia kwenye fainali ya zamani, chenga mbili, krosi, watu wameshika viti. Mwenyekiti macho makavu! Mfamasia kalamu imeganda hewani. Nikaegemea ukuta, nikaanza kuona jina langu kwenye kiti cha uenyekiti.

Ndipo kwenye kipaza sauti ikasikika sauti nyingine, ya mwenye duka la magodoro: "Bwana, unanunua au umekuja kulala?"

Fundi, kwa sauti ile ile kubwa ya redioni, akajibu kwamba anajaribu ulaini. Halafu mama mmoja, mbali kidogo: "Aa, fundi, kumbe uko hapa! Viatu vya mwanangu vimekwisha?"

Na fundi, Mungu amsamehe, mazoea ni kitu kibaya, akatangaza kama bao: "Vimekwishaaa! Bado gundi tu!"

Sakafu yetu ni ya mbao. Tulimsikia mara mbili, kwenye simu na chini ya miguu.

Kicheko kilichofuata sitaki kukieleza. Mshonaji alilia. Kisha kicheko kikaisha, na hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi, kwa sababu watu walianza kuokota mikoba bila kuniangalia. Mfamasia akasimama na daftari lake. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Nimemfahamu miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akitazama sakafu kwa ajili yangu. Nilitamani ipasuke.

Mama mkwe akanyanyuka. Akaja mbele taratibu, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Kaeni," alisema. "Hicho kilikuwa kichekesho cha kuwachangamsha. Mgeni ni mimi. Mkwe wangu ndiye aliyenialika."

Uongo mtupu! Na alivyousema, hata mimi nikaamini kidogo.

Akasema alikuwa mkunga miaka thelathini na mmoja katika kituo cha afya kile kule nyuma ya soko. Akawaangalia wanachama mmoja mmoja kama anayepanga vikombe. "Wewe nilikupokea. Wewe pia." Akamfikia Mfamasia, bado kasimama. "Na wewe ulitanguliza miguu. Tulihangaika na wewe saa sita. Keti, mwanangu, leo huna haraka."

Mfamasia akaketi! Daftari likaanguka.

Kisha sauti ya mama mkwe ikashuka. Akasema siku ile ya Mfamasia mvua ilikuwa kubwa, bati lilivuja juu ya kitanda cha pili, na nesi alisimama muda wote na mwavuli juu ya mama mzazi. Walicheka siku ile. Waliahidiwa bati jipya. Mwezi uliopita alikwenda kumsalimia mjukuu wa jirani. Mvua ilikuwa inanyesha. Kitanda kile kile, na nesi mwingine, mdogo, kasimama na mwavuli.

"Hanijui," alisema. "Lakini nilimshikia mwavuli kidogo, apumzishe mkono."

Mfamasia alikuwa anafuta miwani, anafuta, anafuta. Mama yake alifariki mwaka jana. Nilikuwa nimesahau.

Mwenyekiti akasimama bila makofi kumwamsha. Akasema mabati anayo, mbao anazo, anataka mikono tu. Mikono yote ikainuka. Na wangu, nilipokumbuka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemuuliza mama mkwe kwa nini aliniokoa. Alikuwa anachambua mboga. Akasema hakuniokoa mimi, alimwokoa binti yake na aibu. Halafu akasema, bila hasira, "Miezi mitatu niko hapa. Kila asubuhi unaniuliza habari za goti. Hujawahi kuniuliza nilikuwa nafanya kazi gani."

Ni kweli. Nilidhani alikuwa mama mkwe tu, tangu mwanzo.

Nimejisikia vibaya sana. Mpaka chai ilipokwisha.

Jumamosi, 21 Juni

Bati limekaa! Tulikuwa kumi na wanne. Mfamasia alipanda juu mwenyewe, akajigonga kidole gumba, akakataa kushuka. Fundi viatu alitangaza kila msumari kama penalti. Mama mkwe alikaa kwenye kiti uani, akiamuru. Mimi nilishika ngazi, kazi ambayo watu hawaithamini. Yule nesi mdogo alisimama chini ya bati jipya, akaangalia juu muda mrefu, akacheka peke yake.

Jumatano, 25 Juni

Siku tukufu! Mwenyekiti kanishukuru rasmi kwa mgeni bora wa mwaka. Kwa kauli moja nimebaki na kazi yangu. Mfamasia ndiye aliyeunga mkono, hata mkono kanipa, kidole kikiwa na bandeji. Nimekubali pongezi kwa unyenyekevu, dakika kumi na mbili. Nimeeleza jinsi nilivyoona tangu mwanzo kipaji cha mama mkwe.

Mama mkwe naye sasa ni mwanachama. Asubuhi alinipa karatasi yenye watu watano waliokwisha kumkubalia kuja kuzungumza: dereva wa gari la wagonjwa, mchimba visima, mwalimu wa wasioona na wengine wawili. Watu wazuri. Nimeiweka mahali salama. Sijui ni wapi.

Maana watu hao hawajazi chumba! Walipouliza nani anakuja wiki ijayo, nilijikuta nimesimama, kifua mbele. Nikasema Jaji Mkuu. Nikasema tulisoma darasa moja.

Jioni mama mkwe kaniuliza kama Jaji amekubali. Nimemjibu kwamba jaji hakubali wala hakatai mpaka asikilize kesi.

Kesho naanza na fundi anayemshonea joho.