Mikono ya Kumpokea Mjukuu

Jumatatu, 6 Machi
Jumapili saa nne asubuhi binti yangu anamleta mjukuu. Mtoto ana miezi mitatu na sijamgusa hata unyayo. Sababu ni mikono yangu. Imepasuka kwenye viungo vya vidole, inawasha kutwa kucha, na leo nimeacha alama ya damu kwenye saa ya mteja. Mteja akaifuta kwa leso bila kusema neno. Afadhali angesema.

Nimekwenda kliniki ya ngozi. Muuguzi kanishika mikono yote miwili bila glavu, kaigeuzageuza. Kasema ni ukurutu, ule wengine wanauita pumu ya ngozi. Hauambukizi. Wala hauondoki moja kwa moja, ila unatulizwa: krimu ya dawa penye wekundu kwa siku alizoandika, mafuta mazito kwa wingi kila siku ya maisha yangu, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato. Na petroli ya kuoshea vyuma nisiiguse bila glavu. Nikamuuliza nitapona lini. Akarudia kusema kutuliza. Miaka thelathini na moja natengeneza saa. Sijawahi kumwambia mteja kwamba saa yake tutaituliza!

Jumanne, 7 Machi
Tiba imeanza, kitaalamu. Muuguzi anasema mafuta kwa wingi, lakini muuguzi hajui mafuta. Saa ikizidishiwa inanasa vumbi na kusimama. Kwa hiyo nimetumia sindano yangu ya kutilia mafuta. Tone moja kila ufa. Nyufa kumi na tisa, matone kumi na tisa. Dakika arobaini, lensi jichoni, kazi safi. Mke wangu kasimama mlangoni akiangalia, kisha kauliza kama nitajitia na ufunguo. Nikahamia ufa uliofuata.

Kufika jioni nilikuwa nimejikuna mpaka pete haivuki kiungo.

Jumatano, 8 Machi
Kosa nimeligundua. Kabla ya kutia mafuta mapya unaondoa ya zamani. Hata mwanafunzi wa ufundi anajua. Nikaiosha mikono kwa petroli hadi juu ya vifundo.

Sitaandika ilivyokuwa. Fundi wa meza ya pili alikimbilia kuzima umeme, akidhani umenipiga.

Alhamisi, 9 Machi
Binti kapiga simu. Mwalimu naye anakuja Jumapili. Mwalimu ndiye baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye maisha yake yote hajashika kitu kizito kuliko chaki. Keshambeba mtoto mara kumi na zaidi. Keshamwita mchumba! Binti akauliza, polepole, kama safari hii na mimi nitambeba. Safari iliyopita nilisema nina mafua. Kabla ya hapo nilisema mgongo. Habari ya ukurutu haijui. Tangu akiwa mdogo nilimwambia mikono ya baba iko hivi kwa ajili ya petroli.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi. Naogopa nitamkwaruza, na naogopa nikimshika watu watamwangalia yeye kama wanavyoniangalia mimi. Muuguzi kasema hauambukizi. Kichwa kimekubali, mikono bado.

Mpango: glavu nyeupe za pamba. Nitasema ni usafi. Mke wangu kasema nitafanana na mbeba jeneza. Halafu akachukua kopo la mafuta, akanikalisha kitini, akanipaka. Krimu penye wekundu, mafuta kila mahali, vidole vyote, bila kipimo. Alipomaliza akanivika hizo glavu nilale nazo. Heshima yangu imekwisha.

Jumamosi, 11 Machi
Siku ya tatu ya kupakwa. Nyufa zinafunga. Muwasho umepungua. Ni wazi kwamba matone ya Jumanne yameanza kufanya kazi. Yalichelewa tu.

Jumapili, 12 Machi
Wamekuja. Mwalimu kaingia na mtoto mikononi na hakuwa na dalili ya kumwachia, eti kamzoea. Nikanyoosha mikono. Mitupu, bila glavu. Binti akamtoa kwa Mwalimu akaniwekea. Mzito kuliko nilivyodhani. Akanikamata kidole gumba na hakukiachia. Nilifurahi, nikamwachia akivute apendavyo.

Kisha nikaona. Mashavu mekundu, makavu. Kwenye mkunjo wa kiwiko, magamba madogo. Akaanza kusugua shavu kwenye shati langu, huku na huku, huku na huku. Kusugua kwa namna hiyo nakujua.

Binti kaangalia mkono wangu, kaangalia shavu la mwanawe. Kauliza, baba, kumbe si petroli? Nikasema petroli huuchochea tu. Ni ukurutu, na mama yangu alikuwa nao, ila sikutaka kusema. Akalia kidogo. Akauliza basi afanye nini.

Nikamwambia yote. Ampeleke kwa muuguzi yule. Mafuta kwa wingi, kila siku, hata siku ngozi inapoonekana safi, hasa siku hiyo. Maji ya uvuguvugu. Na mtu yeyote asimkwepe mtoto, maana hauambukizi. Mwalimu alitoa kalamu akaandika. Mwalimu, maneno yangu, kwenye daftari lake!

Jumatatu, 13 Machi
Mikono safi kabisa. Kopo nimelifunga, nimeliweka juu ya kabati. Mke wangu kanikumbusha niliyomwambia binti jana. Nikamweleza kwamba yale ni ya wagonjwa.

Alhamisi, 23 Machi
Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunjiki.

Binti kapiga simu. Muuguzi amemwona mtoto, anapakwa asubuhi na jioni, mashavu yamelainika, sasa analala. Kasema bila mimi asingejua pa kuanzia. Akauliza kama na mimi najipaka. Nikasema kila siku. Akafurahi. Akasema basi kesho anamleta nimbebe tena.

Nikasema kesho nina kazi nyingi, amlete Jumapili. Siku tatu. Zinatosha kabisa kupona.