Fomu ya Mbolea Inayotaka Mume

Jumatatu, 4 Machi 1996

Fomu mpya za mbolea zimefika hapa ofisini kwa chama cha wakulima wa chai, Birongo. Amezitunga Duke, karani mwenzangu, na leo anatembea kama aliyejenga kiwanda. Mstari wa kwanza: "Jina la mume." Bila mume, hakuna mbolea!

Wa kwanza kwenye foleni, Nyakerario. Mume wake ni Nyanchera, bibi kizee asiye na mtoto, aliyemtolea mahari ili boma lipate watoto. Desturi yetu, kila mtu anaijua. Duke akauliza huyu mume hunyoa ndevu saa ngapi. Nyanchera akamjibu kwamba yeye alitoa ng'ombe watano; babake Duke alitoa watatu, na mmoja alikuwa anachechemea. Foleni nzima kicheko. Duke akakasirika, akapiga mhuri: IMEKATALIWA. Na mvua iko karibu!

Mimi niliinamia daftari langu tu. Lakini moyoni nimeapa. Fomu hiyo itakufa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemdanganya meneja, Bwana Nyangau, kwamba jino linaniuma. Nikaenda Kisii mjini kwa Hiren, mwenye matbaa. Fomu yangu: "Jina la mume, mke, mjane, au yeyote aliyetoa ng'ombe." Hakuna atakayeachwa nje! Hiren akauliza kama meneja ameiona. Nikashika shavu, nikaugulia. Akachapa mia tano.

Alhamisi, 7 Machi

Fomu zangu mezani kabla Duke hajafika. Nyakerario akajaza, akaondoka na mbolea yake. Ushindi! Wa dakika kumi.

Akaja Andrew, kapera mwenye chai nyingi kuliko wote. Akasoma mara mbili. Akasema kwa sauti kwamba hana mke, hajafiwa, wala hajatoa hata mbuzi. Je, chai yake ni ya shetani? Nyuma yake watawa wawili wakauliza wao waandike nini. Duke alicheka mpaka akakaa chini. Fomu zangu zimewasha jiko la ofisi. Mimi nimehamishiwa stoo. Bwana Nyangau amesema nikigusa fomu tena, kazi sina.

Ijumaa, 8 Machi

Nyanchera amenifuata stoo na ndizi za shukrani. Akaniambia, kijana, uliza tu chai ni ya nani, mtu aandike jina lake, basi. Nikamshukuru kwa heshima. Maskini, hajasoma. Mambo ya fomu hayajui.

Sirudi nyuma! Nimeanza upya: "Jina la mume, mke, mjane, kapera, mtawa, aliyetoa ng'ombe, asiyetoa ng'ombe..." Nimefika mstari wa tisa, na sasa hivi nimewakumbuka mapacha.