Kumi kwa Pumzi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeteuliwa jaji! Tutapima rekodi za vikundi vya ala za kupuliza: filimbi, obo, klarineti na basuni. Muziki wa klasiki mtupu. Rekodi zina namba tu, tusijue nani ni nani. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye ndugu kati ya washiriki. Nikakohoa. Mke wangu anapiga filimbi katika kikundi kimojawapo. Lakini mke si ndugu. Ndugu ni ndugu.

Yeye hajui kama mimi ni jaji. Nimemwambia naenda kutibiwa jino. Asubuhi alikuwa anapanguza filimbi, akasema wasipofika fainali anaiweka chini moja kwa moja, vidole vimechoka. Nikajifanya natafuta soksi. Nyumba hii bila ile filimbi! Sitaki hata kuwaza.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umekamilika. Kabla ya kuanza kupiga, mke wangu huvuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Nimemsema kwa pumzi hiyo tangu tuoane. Sasa ndiyo itakayomtambulisha kwangu. Mimi kichwa!

Kanipikia uji mwepesi kwa ajili ya jino. Nimekunywa wote, kwa aibu.

Jumatano, 5 Machi
Tumesikiliza. Namba moja, usingizi. Namba mbili, obo inalalamika tu. Namba tatu... pumzi ile ile! Machozi yakanilenga. Nikatoa kumi. Jaji mwenzangu mmoja, tunamwita Sikio kwa vile hujiona ndiye pekee anayesikia, akasema basuni yao imepotea njia. Nikamjibu kuwa basuni nayo ina haki ya kutembea.

Namba nne wa kawaida. Namba tano, balaa! Wazuri mno. Filimbi yao laini, pumzi haisikiki hata chembe. Hao wangemwangusha mke wangu. Nikawapa mbili. Roho iliniuma, ila nilijikaza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha! Majina yametajwa. Namba tatu ni wanafunzi wa mke wangu, wamemwiga hadi pumzi. Mke wangu ni namba tano. Nikaomba maji.

Ndipo Mwenyekiti akakumbusha utaratibu: kwa kila rekodi, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Kumi yangu, nje. Mbili yangu, nje. Namba tano wameingia fainali, tena wanaongoza! Nikamkumbatia Sikio mpaka miwani ikamtoka.

Nyumbani nikauliza, kama mtu asiye na habari, mbona siku hizi pumzi yake haisikiki. Akasema amejizoeza mwaka mzima, mlango umefungwa, kwa sababu yangu. Alitaka siku moja nisikie muziki tu. Nampenda mwanamke huyu, basi tu.

Kisha akasema kuna jaji kawapa mbili, sijui masikio kayaazima wapi. Nikamlaani jaji huyo pamoja naye, kwa sauti.

Ijumaa, 7 Machi
Fainali ni rekodi mpya, namba mpya. Nimemsihi apumue kama zamani. Kacheka, kakataa. Sawa. Anarekodi kesho, na popote aendapo hubeba kiti chake mwenyewe. Alipokwenda kuoga nikalegeza skrubu za mguu mmoja. Nimekikalia kujaribu. Kinalia vizuri sana. Safari hii sikosei!

Alipotoka nikamwambia jino limeanza tena. Akanishika shavu, akaenda kubandika uji.